A na B zilikwenda wapi? Windows na mzigo wake wa miaka arobaini

Fungua kompyuta yoyote yenye Windows, hata kama imetoka dukani asubuhi ya leo, uangalie diski yake inaitwaje. Ni C. Ukichomeka flashi itapewa D, au E, au F. A na B hazipo, na hakuna anayeziulizia. Halafu jaribu jambo la pili: tengeneza folda mpya kwenye desktopu, uipe jina con. Itakataa. Jaribu aux, jaribu prn, jaribu nul, nazo zitakataliwa. Utaambiwa kwamba jina hilo la kifaa si sahihi. Kifaa kipi tena? Wewe ulikuwa unatengeneza folda.

Miaka ya nyuma ilizunguka barua pepe moja ikidai kwamba hili la con ni fumbo ambalo hata Bill Gates lilimshinda. Hakuna fumbo. Ni mabaki ya maamuzi yaliyofanywa kati ya 1980 na 1983, na hakuna aliyethubutu kuyafuta tangu hapo. Mimi naona ukiyafuata mabaki ya aina hii unaielewa Windows vizuri kuliko ukikariri orodha ya matoleo yake. Windows haikutawala meza za maofisi kwa sababu ilikuwa mfumo endeshi bora kuliko mingine. Kwa miaka mingi haikuwa bora hata kidogo. Ilitawala kwa ahadi moja: programu uliyoinunua jana itafanya kazi na kesho. Uzuri wake mwingi unatokana na ahadi hiyo, na maradhi yake mengi pia.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mfumo endeshi wenyewe. Kompyuta ni vyuma tu: prosesa, kumbukumbu ya RAM, diski, kioo, kibodi. Programu ya kuandikia barua haijui diski yako imetengenezwa na nani wala printa yako inaongea lugha gani. Katikati anakaa mfumo endeshi. Ndio unaogawa muda wa prosesa, unaogawa RAM, unaotunza faili, na unaozungumza na vifaa kupitia vijiprogramu vinavyoitwa draiva. Una kazi nyingine ambayo watu huisahau mpaka mambo yaharibike, nayo ni kuzuia programu moja isiingilie eneo la nyingine. Mifumo ya mwanzo ya kompyuta binafsi haikuifanya kazi hiyo ya mwisho kabisa. Ilishughulika na diski, basi.

Mfumo ulionunuliwa kwa dola 50,000

Mwaka 1980 kampuni ya IBM, iliyozoea kuuza mitambo mikubwa kwa mabenki na serikali, iliamua kuingia kwenye soko la kompyuta ndogo. Kazi ilipewa kikosi kidogo kilichokaa Boca Raton, Florida, na kikaambiwa kiharakishe. Kwa hiyo badala ya kubuni kila kitu kikakusanya vipuri vilivyokuwa tayari sokoni: prosesa ya Intel 8088, na mfumo endeshi kutoka kwa mtu mwingine.

Mfumo uliotawala kompyuta ndogo wakati huo ulikuwa CP/M, kazi ya Gary Kildall na kampuni yake Digital Research. IBM na Digital Research hawakufikia makubaliano. Microsoft, iliyokuwa ikijulikana kwa kuuza BASIC, lugha ya kuandikia programu, ikaikubali kazi ingawa mfumo endeshi wa kuuza haikuwa nao. Ikaupata jirani. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikuwa ameandika mfumo wake, ambao mwanzoni aliupa jina la QDOS, yaani mfumo wa haraka na mchafu, na baadaye ukaitwa 86-DOS. Microsoft ililipa kwanza dola 25,000 kupata leseni, kisha Julai 1981 ikaununua moja kwa moja kwa dola 50,000. Ndio mfumo tutakaouita DOS kuanzia hapa. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilizindua PC yake.

Paterson alitaka programu za CP/M zihamishwe kwenye mfumo wake bila taabu, hivyo akafuata desturi za CP/M: diski kuitwa kwa herufi, majina ya faili kutozidi herufi nane pamoja na herufi tatu za mwisho baada ya nukta. Maana yake ni kwamba ahadi ya kuvumilia programu za zamani ilikuwemo kabla hata ya toleo la kwanza kuuzwa.

Na hapo ndipo ilipotoka C. PC ya kwanza ilitumia flopi, zile diski laini za kuchomeka, na ilikuwa na nafasi za flopi mbili: A na B. Kwa aliyekuwa na nafasi moja tu, mfumo uliichukulia kama mbili. Ukiita B unaambiwa utoe diski iliyomo uweke nyingine. IBM ilipotoa PC XT mwezi Machi 1983 ikiwa na diski ngumu ndani yake, megabaiti 10 nzima, herufi iliyofuata ilikuwa C. Tangu hapo waandishi wa programu wakaandika C ndani ya kazi zao kana kwamba ni jina la mji. Flopi zilikufa, ila A na B zikaachwa zimekaliwa na marehemu, maana kumpa mpangaji mpya ilikuwa hatari kuliko kuziacha tupu. Kwa kweli unaweza kuipa flashi yako herufi A leo hii na itakubali. Windows yenyewe tu ndiyo haitakupangia.

Kisa cha con kinafurahisha zaidi. DOS ya kwanza haikuwa na folda. Faili zote zilikaa sehemu moja kwenye diski. Vifaa navyo vilipewa majina kama faili, jambo ambalo lilikuwa la akili: ukitaka kuchapa waraka unaunakili kwenda PRN, na PRN ni printa. CON ni kibodi na kioo. AUX ni tundu la mawasiliano. NUL ni shimo, unachokitupa humo kimepotea. Kwa kuwa folda hazikuwepo, majina hayo yalipatikana popote ulipo. DOS 2.0 ilipoleta folda mwaka 1983, ikabidi kuamua: je, PRN iwe kwenye folda moja maalumu? Ikiwa hivyo, kila programu iliyozoea kuandika kwenda PRN ingekwama. Wakaamua majina hayo yawepo ndani ya kila folda, daima. Ndiyo maana ukiita folda yako con, Windows inadhani unazungumzia kibodi.

Mwaka huohuo ulizaliwa mkwaju wa kinyume. Wazo la folda ndani ya folda lilitoka kwenye mfumo endeshi mwingine, Unix, ambako majina hutenganishwa kwa mkwaju wa kawaida, ule unaouona kwenye anwani za intaneti. Lakini DOS ya kwanza ilishautumia mkwaju huo kuonyesha chaguo za amri, kwa hiyo ukachukuliwa ulioelekea upande wa pili. Miaka arobaini na ushee baadaye bado watu wanakosea upi ni upi, na kosa si lao.

Kipande kimoja cha mkataba ndicho kilichozaa utajiri wote uliofuata: Microsoft iliiuzia IBM haki ya kutumia DOS, haikuiuzia haki ya kuwa peke yake. Novemba 1982 Compaq ilitangaza kompyuta ya kubeba iliyoweza kuendesha programu za IBM PC bila kuwa IBM. Wakafuata wengine kwa makumi. Kila mmoja alihitaji DOS, na DOS iliuzwa na Microsoft. Mashine zikawa za kila mtu na bei zikaporomoka, ila mfumo ulibaki wa mmoja.

Madirisha juu ya DOS

Kutumia kipanya na madirisha badala ya kuandika amri si wazo la Microsoft, wala la Apple. Maabara ya Xerox huko Palo Alto ilikuwa na kompyuta ya Alto yenye vitu hivyo mwaka 1973. Apple ilileta Lisa mwaka 1983, kisha Macintosh Januari 1984. Windows 1.0 ilitoka 20 Novemba 1985, miaka miwili baada ya kutangazwa, na haikumtisha mtu. Madirisha yake hayakuweza kupandiana. Yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae. Chini yake ilikuwa DOS ileile. Windows ilikuwa programu tu uliyoiwasha ukiwa ndani ya DOS.

Mpaka hapo kikwazo kikubwa kilikuwa kumbukumbu. Intel 8088 iliweza kufikia megabaiti moja tu, na IBM ilitenga kilobaiti 384 za juu kwa ajili ya kioo na vifaa vingine, zikabaki 640 kwa programu zote pamoja na mfumo wenyewe. Prosesa za baadaye, 286 na 386, zilikuwa na hali ya ulinzi iliyofungua kumbukumbu kubwa zaidi, lakini programu za DOS hazikuijua. Mwaka 1988 David Weise na Murray Sargent wa Microsoft walifanikiwa kuifanya Windows iendeshe ndani ya hali hiyo bila kuzitupa programu zilizokuwepo. Matunda yake ni Windows 3.0, iliyotoka Mei 1990, na hiyo ndiyo Windows ya kwanza watu kuinunua kwa hiari yao.

Ilikuwa na udhaifu ambao aliyeitumia hatausahau. Programu kadhaa ziliweza kuwa wazi kwa pamoja, lakini mfumo haukuwa na nguvu ya kumnyang'anya mtu zamu. Fikiria harusi yenye kipaza sauti kimoja, ambapo mshereheshaji hana ruhusa ya kukichukua mkononi mwa anayeongea. Lazima asubiri mwenyewe akirudishe. Ukimpata mjomba mmoja aliyenogewa na maneno, shughuli nzima imesimama. Ndivyo Windows 3 ilivyoganda: programu moja iliyojifungia kwenye mzunguko wake ilishika prosesa, na zingine zote zikabaki kuitazama. Tena zote zilishiriki eneo moja la kumbukumbu, kwa hiyo moja ikiandika pasipo pake inaua nyingine.

Koo mbili

Microsoft ilijua kwamba msingi huo haufai. Ilishirikiana na IBM kutengeneza OS/2, mfumo uliotangazwa mwaka 1987 ili kuizika DOS, lakini urafiki ukavunjika Windows 3.0 ilipoanza kuuzwa kama njugu. Wakati huo Microsoft ilikuwa imeshamchukua Dave Cutler kutoka Digital Equipment Corporation, alikojenga mfumo wa VMS kwa ajili ya kompyuta kubwa. Cutler aliingia mwaka 1988 akaanza upya kabisa. Kazi yake ikatoka 27 Julai 1993 ikiitwa Windows NT 3.1. Nambari ile ililinganishwa na Windows ya kawaida ya wakati huo ionekane ndugu yake, lakini ndani hawakuwa na damu moja.

Kwenye NT, kiini cha mfumo kinakaa katika daraja la juu la prosesa ambako programu za kawaida haziruhusiwi kugusa. Kila programu hupewa kumbukumbu yake na haioni ya jirani. Kiini hugawa zamu chenyewe na hunyang'anya zamu kinapotaka, asubiriwe mtu asisubiriwe. Kila faili ina mwenyewe, na ruhusa za nani asome na nani aandike, kwa kutumia mpangilio wa diski wa NTFS ambao mpaka leo ndio ulio kwenye kompyuta yako. Hata C kwenye NT ni kiini macho: ndani kabisa diski inajulikana kwa jina refu kama \Device\HarddiskVolume3, na C ni kibandiko kilichobandikwa juu ili programu za zamani zisishtuke.

Tatizo lilikuwa njaa yake. NT ilitaka RAM ya megabaiti 12 angalau, kipindi ambacho mashine nyingi za watu zilikuwa na 4. Na haikuvumilia michezo na programu za DOS zilizozoea kugusa vifaa moja kwa moja. Kwa hiyo Microsoft ikalea koo mbili: NT kwa makampuni, na ukoo wa DOS kwa watu wa kawaida.

Ukoo wa DOS ulifikia kilele 24 Agosti 1995. Windows 95 ndiyo iliyoleta kitufe cha Start, upau wa chini unaoonyesha kilicho wazi, na vifaa kutambulika vinapochomekwa, angalau siku ambazo vilitaka kutambulika. Programu mpya za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa zinazobeba data nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja, sasa ziligawiwa zamu na mfumo. Zile za zamani za biti 16 ziliendelea na desturi yao ya kung'ang'ania.

Windows 95 ndiyo naiona kazi ngumu kuliko zote za Microsoft, ingawa mainjinia huisifu NT. Chukua majina ya faili. Watu walichoka kuita barua BARUA01.DOC, wakapewa herufi mpaka 255. Lakini programu za zamani zingekufa zikikutana na jina refu. Basi kila faili ikapewa majina mawili: refu la kwako, na fupi la kimya kwa wazee. Program Files likawa pia PROGRA~1. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya leo, andika cd c:\progra~1, na kwa kawaida utaingia.

Au chukua SimCity, mchezo wa kujenga miji uliopendwa sana kwenye Windows 3. Ulikuwa na kosa: uliendelea kusoma kipande cha kumbukumbu baada ya kuwa umeshakirudisha kwa mfumo. Kwenye Windows 3 haikuonekana kwa sababu kipande hicho hakikupewa mtu mwingine haraka. Kwenye Windows 95 kilipewa, na mchezo ukafa. Kosa lilikuwa la mchezo, lakini mteja angelaumu Windows. Watu wa Microsoft wakaweka msimbo ndani ya mfumo unaoangalia kama SimCity ndiyo inayoendeshwa. Ikiwa ndiyo, mfumo unachelewesha kugawa upya kumbukumbu iliyorudishwa. Mfumo endeshi mzima unabadili tabia kumstahi mgeni mmoja asiyejua adabu. Ukitaka kujua kwa nini Windows ni nzito, zidisha kisa hicho kwa maelfu ya programu.

Windows 98 na Windows ME ziliendeleza ukoo huo, na uchovu wake ukaonekana hadharani. Aprili 1998, Bill Gates akiwa jukwaani Chicago, Windows 98 ilianguka na kutoa kioo cha bluu mbele ya hadhira, msaidizi wake alipochomeka skana. Mwisho wa ukoo ulikuja 25 Oktoba 2001 na Windows XP, ambayo ni NT iliyovishwa nguo za nyumbani. Tangu siku hiyo kila Windows ya kompyuta binafsi, kuanzia Vista ya 2007, 7 ya 2009, 8 ya 2012, 10 ya 2015 mpaka 11 ya 2021, ni kitukuu cha kazi ya Cutler.

Maradhi ya ahadi

XP ilikuwa na ruhusa zote za NT, lakini karibu kila mtu nyumbani aliingia kama msimamizi mwenye mamlaka yote. Kwa nini? Kwa sababu programu zilizozaliwa kwenye ukoo wa DOS zilizoea kuandika zinapotaka, hata ndani ya folda ya Windows yenyewe. Ukiingia kama mtumiaji wa kawaida hazifanyi kazi. Kwa hiyo ulinzi ulikuwepo, na ukawekwa kando ili ahadi itimie. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani bila mtu kubofya chochote. Ilitosha kompyuta iwe kwenye mtandao. Mwaka mmoja baadaye Microsoft ilitoa sasisho kubwa la XP, SP2, lililowasha ukuta wa kinga kwa kila mtu.

Vista ilijaribu kukomesha mazoea hayo kwa kukuuliza kila mara: unaruhusu programu hii? Watu waliichukia kwa maswali hayo, na mashine nyingi za wakati huo hazikuiweza kwa uzito wake. Lakini kuna kitu kilifanyika chini kwa chini ambacho nakistahi. Programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa, Vista haiikatalii. Inaipeleka kimya kimya kwenye folda nyingine ya mtumiaji iitwayo VirtualStore, na programu inaamini imeandika ilipotaka. Imedanganywa, kila mtu amefurahi, kazi inaendelea.

Afrika Mashariki ahadi hii tumeilipia kupitia flashi. Windows 95 ilileta desturi ya CD kujiwasha yenyewe ukiichomeka, ili mtu asihangaike kutafuta faili ya kuanzia. Desturi ikarithiwa na flashi. Mtu anapeleka waraka wake stationery kuchapa, anarudi nyumbani na kirusi. Folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya moja unakiamsha kirusi. Microsoft iliizima desturi hiyo kwa flashi kwenye Windows 7, na kwa XP na Vista mwaka 2011, wakati mashine zetu nyingi hazikuwa zikipokea masasisho hata kidogo. Virusi vyenyewe navyo vilishajifunza kumtegea mtumiaji abofye mwenyewe, kwa kuwa Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili; picha.jpg.exe inaonekana picha.jpg tu.

Wengi walidhani faili zao zimefutwa. Zilikuwa zimefichwa tu. Fundi aliyejua kazi alifungua dirisha la amri, akaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hapo E ni flashi, h ni alama ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu, s ni ya faili za mfumo, na mikwaju miwili inaamuru kazi ifike mpaka kwenye folda za ndani. Baada ya sekunde chache nyaraka zote zinarudi. Amri hiyo ni ya enzi za DOS, na mikwaju ile ni ileile iliyosababisha mkwaju wa kinyume. Kirusi kilikula kwenye mabaki ya zamani, na dawa nayo ikatoka hukohuko.

Kuna mabaki mengine ya kuchekesha. Ndani ya folda ya Windows mna System32 na SysWOW64. Mtu mwenye akili timamu angesema ya kwanza ina faili za biti 32 na ya pili za biti 64. Ni kinyume chake. Jina System32 lilikuwa limeshaandikwa ndani ya programu nyingi mno, kwa hiyo Windows ilipohamia biti 64 faili mpya zikawekwa humo, na za biti 32 zikahamishiwa kwenye folda yenye 64 kwenye jina. Usiifute yoyote kati ya hizo mbili, hata ukiona inakula nafasi.

Na kioo cha bluu hakijaisha. Kwenye NT programu ya kawaida ikifa inakufa peke yake, lakini draiva nyingi na programu za kinga dhidi ya virusi hukaa ndani ya kiini, na huko kosa moja linaangusha nyumba nzima. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa milioni 8.5 duniani, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali.

Kiswahili nacho kimo humu. Microsoft ilitoa kifurushi cha Kiswahili tangu enzi za XP, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ni nadra sana kukuta kompyuta ya ofisini imewekwa Kiswahili. Sababu naiona ni ya kifundi zaidi kuliko ya kasumba: kosa likitokea unalitafuta mtandaoni kwa maneno yaliyo kwenye kioo, na majibu yote yameandikwa Kiingereza.

Safari hii mashine ndizo zilizoachwa

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilifanya jambo ambalo hazikulifanya zilizotangulia. Haina toleo la biti 32, kwa hiyo programu za biti 16 za miaka ya tisini hazina tena pa kuendeshewa bila msaada wa programu nyingine. Hilo halikumuumiza mtu. Kilichouma ni masharti ya mashine: lazima iwe na TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, na prosesa iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel Core kwa jumla inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka 2017. Kompyuta ya 2016 yenye nguvu tele na RAM ya kutosha inakataliwa. Programu za wazee zinaendelea kupokelewa. Mashine za wazee ndizo zimefungiwa mlango.

Kwetu hili si jambo la pembeni, maana kompyuta nyingi za Kariakoo na za Nairobi ni za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unafika Oktoba 2026. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kukwepa ukaguzi, na mara nyingi itafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa anayetumia kivinjari, barua na nyaraka tu, mfumo endeshi mwingine, Linux, kwa mfano toleo lake la Mint, utaiamsha laptopu hiyohiyo vizuri bila malipo. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows hana uhuru huo, na hapo ndipo ahadi ya zamani inapomfunga.

Ukienda kununua laptopu ya mtumba, basi, usiishie kwenye RAM na ukubwa wa diski. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa madukani, ni kizazi cha 6 na haimo kwenye orodha. ThinkPad T470 nayo haimo. T480 nyingi zimo. Kabla ya kutoa hela bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uangalie kama pameandikwa 2.0. Kisha rudia, andika msinfo32, usome jina la prosesa: tarakimu ya kwanza baada ya i5- au i7- ndiyo kizazi kwa zile zenye tarakimu nne, kwa hiyo i5-6300U ni cha 6 na i5-8350U ni cha 8. Muuzaji akikuambia ina Windows 11 tayari, hiyo inakuambia tu kwamba fundi wake anajua kazi.